Kalibu tatu za bluu, mbili za kutu

Alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sijanawa hata uso. "Prof, sabuni imeharibika." Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila aliyewahi kushika chaki mbele ya darasa la sekondari huitwa Prof mpaka anazikwa, hata kama aliacha kufundisha zamani akabaki na mizani na ndoo za sabuni kama mimi. Nikamuuliza imeharibika vipi, inanuka? Hapana, hainuki. Imelala bluu, imeamka kahawia.

Ni dada wa mtaa wa Kadutu. Hutengeneza sabuni ya kuogea kwa njia ya baridi, ile isiyopikwa: mafuta huchanganywa na maji ya soda kostiki (ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni; kuanzia hapa naiita soda tu), uji ukishika humiminwa kwenye kalibu, na kazi iliyobaki hujimaliza yenyewe usiku. Alikuwa amepokea oda ya vipande sitini vya harusi. Bibi harusi alitaka rangi ya ziwa, "la asubuhi, si la jioni", na kila mgeni aondoke na kipande chake kimefungwa utepe. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Sabuni ya baridi huhitaji wiki nne hadi sita za kukaa kwenye rafu ili ikauke na iwe ngumu, kwa hiyo hakuwa na siku za kupoteza.

Mapishi yake nayajua kwa sababu tuliyapiga hesabu pamoja. Kwa kilo moja ya mafuta: gramu 500 za mawese yaliyosafishwa yakapoteza wekundu, 300 za nazi, 200 za alizeti. Soda gramu 145, maji gramu 290. Kiasi hicho cha soda kimepunguzwa kwa asilimia 5 hivi chini ya kile ambacho mafuta yangeweza kukimeza, ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Kalibu moja humpa vipande kumi na vinne vya gramu mia. Jumanne alimimina kalibu tatu, Jumatano mbili. Alhamisi asubuhi ndiyo hiyo simu.

Rangi, na hapa nilipaswa kumkatalia tangu mwanzo, ilikuwa unga wa bluu wa kufulia nguo nyeupe. Wengi hutumia. Ni rahisi, hauchujuki, na mtu akiona mashati yake yameng'aa haoni kwa nini usiingie bafuni.

Nilipofika alikuwa amezipanga kalibu zote tano mezani kama watuhumiwa. Za Jumanne zilikuwa bluu safi, yenye ukijani kidogo. Za Jumatano zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa kikombeni. Nilikata moja ya kahawia katikati kwa waya. Ndani ilikuwa sawa na nje, ukingoni sawa na moyoni.

Huo mkato uliniokolea muda mwingi. Mtu akikwambia sabuni yake imebadilika rangi, jambo la kwanza kushuku ni joto. Uji ukishamiminwa hupanda joto wenyewe, na ukifika nyuzi 60 au 70 hivi hupita katika hali ya jeli, ung'avu kama mafuta ya kupaka. Sehemu iliyopita kwenye jeli hukolea, iliyobaki baridi hupauka. Joto likifika katikati tu bila kufika pembeni, unakuta duara la rangi nzito ndani ya kila kipande, kama kiini cha yai. Hapa hapakuwa na duara. Isitoshe jeli hukoleza rangi au huifanya ing'ae. Haiigeuzi bluu ya madini kuwa kahawia.

Mshukiwa wa pili ni manukato. Yenye vanila yana vanilini, na vanilini hupeleka sabuni kwenye kahawia hata ufanyeje. Lakini hiyo huja polepole, kwa siku na wiki, na yeye alitumia chupa ileile siku zote mbili. Sufuria? Soda hula alumini, nazo sufuria zetu nyingi ni za alumini. Hutoa povu na uji wa kijivu. Alichanganyia kwenye ndoo ya plastiki, siku zote mbili. Tukapita.

Tukafika kwenye maji, na hapo nikajiaibisha.

Jumatano bomba lilikuwa kavu, akatumia maji ya mvua aliyokinga chini ya bati. Nikaliangalia bati. Bati kuukuu, lina kutu kuanzia ukingoni hadi kwenye misumari. Nikaona kesi imekwisha: chuma kimeingia kwenye maji, kimekutana na soda, kimekuwa kutu, kutu ni kahawia. Nikamweleza kwa sauti ileile niliyokuwa nikifundishia darasa la tano la sekondari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuchota maji yenyewe kwa bilauri, akaishika mbele ya dirisha.

"Prof, kutu iko wapi humu?"

Maji yalikuwa meupe pe. Alikuwa na haki. Kuipaka rangi ya chai sabuni ya kilo moja na nusu kunahitaji kutu unayoiona kwa macho, siyo chembe zinazojificha kwenye maji safi. Nikanyamaza, nikaomba bilauri mbili zaidi na unga uliobaki.

Tukakoroga maji ya soda hafifu, kijiko kimoja cha chai katika robo lita. Soda ndani ya maji, wala si maji juu ya soda. Miwani machoni, mikono imefunikwa. Tukatengeneza mawili: moja kwa maji ya chupa, moja kwa maji ya mvua. Katika kila bilauri tukatia ncha ya kijiko ya unga wa bluu. Kama maji ya mvua ndiyo yenye kosa, bilauri ya maji ya chupa ingebaki bluu.

Zote mbili ziligeuka. Kwanza bluu ilichafuka kuwa kijivu, halafu ikashuka chini kama tope la kahawia, dakika chache tu. Akakumbuka kwamba Jumatano uji wenyewe ulianza kuchafuka kabla hajamaliza kumimina, naye akadhani ni kivuli, maana taa ya chumba hicho ni hafifu.

Maji yakaachiwa huru. Ila fumbo likawa baya zaidi. Ikiwa unga huu hauwezi kukaa ndani ya soda hata dakika kumi, zile kalibu tatu za Jumanne zilikaaje bluu?

"Jumanne ulitumia unga huu huu?"

"Ndiyo. Bluu."

"Huu huu, wa kifuko hiki?"

Kimya. Halafu: "Bluu si ni bluu, Prof?"

Kifuko cha Jumanne kilikwisha kwenye kalibu ya tatu. Jioni alimtuma mtoto sokoni Kadutu kuongeza, na mtoto akanunua kwenye meza nyingine, kwa sababu mama wa meza ya kwanza alikuwa ameshafunga. Unga huu huuzwa kwa kijiko, umefungwa kwenye plastiki, hauna jina wala karatasi. Hakuwa amenificha kitu. Kwake hakikuwa na uzito wa kutajwa, kama vile mtu hasemi chumvi aliinunua kwa nani.

Kifuko kitupu cha Jumanne kilikuwa bado kwenye takataka, asante Mungu. Pembe zake zilikuwa na vumbi la bluu. Tukakipindua, tukakikung'uta juu ya bilauri mpya ya maji ya soda. Ikabaki bluu. Tulikunywa chai, tukarudi, bluu. Niliiacha mpaka mchana, bluu.

Kilichobaki ni kuzijua zote mbili kwa majina, na kwa hilo kinachohitajika ni limau. Tuliuweka unga wa kila kifuko kwenye sahani yake, tukakamua juu. Wa Jumanne ulitoa povu kidogo kwanza, dalili kwamba umechanganywa na magadi ya kufulia, tukaongeza limau; halafu ukaanza kupauka, na ikatoka harufu ya yai viza iliyomfanya mtoto akimbie nje huku akicheka. Wa Jumatano haukujali limau hata kidogo. Uliendelea kuwa bluu, mzuri kuliko mwanzo.

Mmoja hufa kwenye soda na kuishi kwenye limau. Mwenzake hufa kwenye limau na kuishi kwenye soda. Huo ndio mtihani mzima.

Wa Jumanne ni ultramarini. Ni madini yaliyojengwa kwa alumini, silika na sodiamu katika umbo la vizimba vidogo, na ndani ya vizimba hivyo zimefungiwa chembe za salfa. Rangi ya bluu ni ya hizo salfa zilizofungwa. Asidi huvunja kizimba, salfa inatoka ikiwa gesi ya yai viza, bluu inaisha. Soda haina nguvu ya kukivunja, ndiyo maana rangi hii imekuwa rafiki wa sabuni muda wote huo. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la Badakhshan huko Afghanistan, kwa bei isiyogusika, hadi mwaka 1824 jumuiya moja ya Paris ilipotangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei ya chini. Mfaransa Guimet akaichukua mwaka 1828. 

Wa Jumatano ni bluu ya Prusia. Huu ni chuma kilichoshikana na sianidi, na soda huutendea jambo moja tu: huking'oa sehemu ya chuma na kukigeuza kuwa aina ya kutu. Kwa hiyo bati sikulisingizia bure kabisa. Kutu ilikuwepo kweli, ila ilitoka ndani ya rangi yenyewe. Na kuna utani ndani ya historia yake, maana bluu hii ilizaliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 kwa ajali ya namna hii hii: mtengeneza rangi alitaka nyekundu, akatumia potashi iliyochafuka, akaona bluu. Dada aliposikia hivyo akasema yeye angekubali ajali ya upande huo.

Neno sianidi lilimshtua. Nani asingeshtuka? Tumekua tukiambiwa kwa nini muhogo mchungu hulowekwa. Nikamweleza kwamba sianidi ya muhogo hutoka kirahisi, ndiyo maana inaua na ndiyo maana maji na jua vinaiondoa. Hii ya kwenye rangi imeshikwa na chuma kwa nguvu nyingi sana, na bluu ya Prusia ya daraja la vipodozi imeruhusiwa kwenye rangi za macho, kwa namba CI 77510, yaani namba yake katika orodha ya kimataifa ya rangi. Hofu yangu ilikuwa kwingine. Unga wa kufulia, uwe ultramarini au Prusia, haukutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Hakuna aliyeusafisha kwa kiwango cha vipodozi, mwingine umeongezwa magadi, na muuzaji mwenyewe hajui ni upi. Kwa hiyo nikamwambia jambo ambalo hakulitarajia: hata kalibu tatu nzuri za Jumanne zisiende harusini.

Alikasirika. Zilikuwa bluu, zilikuwa zimefaulu mtihani wangu mwenyewe, na sasa nazikataa! Alikuwa ametumia kilo tano za mafuta, na nazi huku haishuki bei. Tulibishana mpaka mume wake akatoka chumbani kuona kuna nini. Mwishowe tuliafikiana kwamba za Jumanne zitakatwa ziwe sabuni ya kufulia, ambako unga ule uko nyumbani kwake, na hasara itakuwa nusu tu.

Wakati tukikata ndipo akanitolea kisa cha mwaka uliopita, alichokuwa akikihesabu kuwa ugonjwa uleule. Alichanganya bluu kwenye mawese mabichi, yale mekundu, akapata kijani kizuri cha majani ya migomba. Baada ya miezi miwili dirishani, kijani kikawa bluu. Je, ile nayo ilikuwa Prusia?

Sivyo, na tofauti hii ni muhimu. Pale hakuna rangi iliyovunjika kwenye soda. Karotini ya mawese ni ya njano inayokwenda kwenye chungwa. Juu yake ukitia bluu, jicho linaona kijani. Mwanga wa dirishani huila karotini polepole, njano ikaondoka, bluu iliyokuwepo tangu mwanzo ikabaki peke yake. Rangi iliyobadilika ndani ya saa moja imeuawa na soda. Iliyobadilika kwa miezi, upande unaotazama dirisha, imeliwa na jua. Na ule ukijani wa kalibu za Jumanne ulikuwa kipande kidogo cha jambo hilohilo: mawese hata yakisafishwa hubaki na umanjano.

Kwa ajili ya bibi harusi tuliagiza ultramarini ya vipodozi, CI 77007, kupitia mtu aliyekuwa akitoka Kampala. Ilichukua siku tisa. Kabla ya kuimwaga popote, dada aliitia mwenyewe kwenye bilauri ya soda akailaza usiku kucha, bila kuniambia. Mapishi hatukuyagusa, tuliongeza nusu kijiko cha chai cha titani nyeupe kwa kila kilo ya mafuta ili kuufunika umanjano, na vijiko viwili vya bluu vilivyokorogwa kwanza kwenye mafuta kidogo hadi mabonge yote yaishe. Bonge moja lililoponyoka huacha doa linalopaka taulo. Uji tuliukamata ukiwa mwepesi, kwenye nyuzi 40 hivi, tukazifunika kalibu zote kwa mablanketi yaleyale ili joto lisitofautiane. Zikatoka tano zinazofanana. Zilibaki wiki nne na siku chache za kukomaa, zikatosha kwa kubana. Bibi harusi alisema ni ziwa la saa tatu, si la saa moja, lakini alichukua.

Katika zile za kahawia nilimwomba aniachie sabuni mbili. Niliziweka kwenye rafu yangu kuona mwisho wake. Wiki ya saba zilianza kutoa madoa ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani. Za Jumanne, mafuta yaleyale, zilikuwa bado safi. Chuma huharakisha mafuta kuchacha, hasa yale ya alizeti, kwa hiyo sikushangaa, ingawa kwa vipande viwili siwezi kuapa. Nyingine alisugulia sakafu.

Tangu hapo amekuwa akinipelekea vitu vyake vya kupima, na majibu ya bilauri yamejaa vichekesho. Bisapu, yaani maua ya rosela, nyekundu kama damu ndani ya kikombe, iligeuka kijani kwenye soda kisha ikawa tope la manjano. Biti vilevile haikubaki na wekundu. Manjano ya jikoni ilifanya kinyume cha matarajio yake: iligeuka nyekundu ya matofali, akapiga kelele kwamba amepata nyekundu ya bure. Nilimwambia asubiri. Ndani ya sabuni, soda inavyotumika na kwisha, ule wekundu hurudi nyuma hadi njano ya udongo, na ukiiweka juani hata hiyo inapauka. Mkaa ulibaki mweusi. Udongo mwekundu nao ulibaki ulivyo, na sababu ni ya kuchekesha ukikumbuka tulikotoka: wekundu wake ni kutu tayari, soda haina cha kuugeuza.

Zambarau ndiyo iliyomsumbua zaidi. Alipata unga mzuri kutoka kwa rafiki, wa daraja la vipodozi, una namba na kila kitu: CI 77742, zambarau ya manganisi. Ndani ya soda ukawa kahawia. Huu ni halali kabisa kwenye rangi ya midomo na haufai kwenye sabuni ya baridi. Namba inakuambia unga ni nini, haikuambii utaishi wapi.

Sasa anauza sabuni ya bluu ya kufulia, miche mirefu, na inakwenda kuliko ya kuogea. Unga bado anaununua sokoni kwa kijiko, kwa sababu kwa nguo hauna ubaya. Ila kwenye kikapu hubeba nusu limau na kisahani. Wiki iliyopita nilikuwa naye. Aliomba ncha ya kijiko, akakamua, akasubiri, akainama akanusa, akatabasamu. Mama wa meza akamtazama, akawatazama wateja wengine wawili waliokuwa wameziba pua, akasema: "Dada, nunua haraka uende. Unanifukuzia watu."

Akanunua vijiko kumi.